Mimba Iliyotangazwa Mapema

Tulimzika baba mkwe wangu, Mzee Khaemba, mwezi uliopita, nyumbani kwake Bungoma upande wa juu, mlima ukiwa umejifunika mawingu kama kawaida yake. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na maneno mengi, na zamu ya wakaza wana ilipofika akaniita mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, niseme mawili matatu. Watu wa Kitale wananijua. Nimeendesha hoteli ya chapati na maharagwe miaka nenda miaka rudi, nimegombana na madereva wa malori na wauza makaa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nimekosa la kusema. Siku hiyo nilishika kile kipaza sauti nikasema, "Alikuwa mzazi mwema, Mungu amlaze pema," kisha nikakaa. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu, alinitupia jicho la pembeni akaninong'oneza, "Ni hayo tu?" Ndiyo, ni hayo tu. Mengine nilibaki nayo, na ndiyo sababu nayaandika hapa.

Ni mambo ya mwaka mmoja wa zamani, nilipokuwa bado nabeba gunia la unga peke yangu na kujiona simba. Tuliishi Kitale katika vyumba viwili nyuma ya hoteli, mimi, mume wangu Simiyu na watoto wetu wawili. Chumba cha mbele kilikuwa na kochi, runinga na magunia ya maharagwe. Cha nyuma kilikuwa na vitanda na nguo zilizoning'inia kila mahali. Kati ya vyumba na hoteli palikuwa na ukuta wa mbao, basi wateja walinisikia nikiwafokea watoto, nami niliwasikia wakiusengenya mchuzi wangu. Watoto wote wawili walikuwa wametoka kwa kisu, yaani kwa upasuaji, kovu moja likifunguliwa mara mbili. Mvua za kupanda mahindi zilipoanza nikajua nina mimba ya tatu, nikanyamaza.

Kunyamaza ndiyo desturi. Kwetu mimba haitangazwi. Unavaa sweta kubwa, unajifunga leso juu ya leso, na hata mumeo unamwacha akisie mwenyewe. Ukitaja mimba changa umeita macho ya watu, na jicho la mtu, tuliambiwa, linang'oa mimba kama mche wa sukuma wiki. Kliniki unaenda mtoto akishacheza, tumbo likishajisemea lenyewe. Mama yangu alifanya hivyo, dada zangu wakafanya hivyo, nami kwa wale wawili wa kwanza nilifanya hivyo hivyo, na sikuona sababu ya kubadili.

Aliyenifichua ni Sista Chebet, muuguzi kutoka Endebess, ambaye alikula chakula cha mchana kwangu karibu kila siku na hakuwahi kumaliza chapati ya pili. Alinikuta nakaanga vitunguu nikiwa nimejifunga leso puani.

"Mama Brian, vitunguu vimekukosea nini?"

"Ni homa tu, Sista."

"Homa ya miezi mingapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasogea karibu na jiko, akashusha sauti. "Wewe si umepasuliwa mara mbili? Sasa sikia. Mama mwenye kovu haongoji tumbo lionekane. Lazima tuangalie mapema mtoto amekaa wapi."

"Amekaa tumboni, Sista. Angekaa wapi kwingine, Moi's Bridge?"

"Mama Sharon pia alikuwa anapenda mzaha," akasema, akarudi kwa meza yake.

Hapo mzaha ulinikauka mdomoni. Mama Sharon alikuwa akiuza nyanya mlangoni pangu. Naye alikuwa mtu wa kisu, tena zaidi yangu, na mimba yake ya mwisho aliificha ndani ya sweta la kijani mpaka miezi ikaisha. Siku ya kujifungua kondo la nyuma lilikataa kubanduka, damu ikatoka, na kabla ya watu kujua ni nini kinaendelea alikuwa ameshaondoka. Tulimzika Kiminini. Mtoto alibaki, na meza ya nyanya ilibaki pale mlangoni ikilowa mvua mpaka mtu akaichukua. Nilizima jiko nikamwambia Sista nitakuja hospitalini kesho.

Chumba cha skani kilikuwa na baridi na pazia la maua. Daktari, mwanamke mpole mwenye mikono baridi kuliko ile jeli aliyonipaka, aliongea nami vizuri kuhusu bei ya mahindi, halafu akaacha kuongea. Mimi nimeuza chakula maisha yangu yote, najua uso wa mtu aliyeona kitu kwenye sahani. Alisogeza kile chombo huku na huku, chini kabisa karibu na kovu, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akanigeuzia skrini.

"Mtoto yuko, na moyo unapiga. Ule pale. Lakini amejishikiza chini, juu ya kovu lako. Ukipanda mche kando ya ukuta wa udongo, mizizi inafanya nini?"

"Inaingia ukutani."

"Basi kondo linaweza kufanya hivyo. Kwa kawaida mtoto akizaliwa, kondo linabanduka lenyewe. Likishaingia kwenye kovu halibanduki, na mtu akilivuta, mama anavuja damu vibaya."

Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema hapana. Akasema bado ni mapema, dalili anaziona lakini huenda zikapungua au zikazidi, na kwamba faida ya kuona mapema ni muda wa kujipanga. Halafu akanieleza mambo bila kunificha. Ningeweza kuisimamisha mimba ile sasa, ikiwa ndogo, na madaktari wangenisaidia. Ningeweza kuendelea nayo, lakini kwa kupigwa picha mara kwa mara, kuzaa kwa kisu kabla ya miezi kutimia, katika hospitali kubwa, na pengine kizazi kutolewa pamoja na kondo. Na niwe na damu tayari, nyingi. Alipopima damu yangu akapumua kwa nguvu. Nilikuwa O hasi, damu inayoweza kupewa karibu kila mtu, lakini mwenye nayo haongezewi ila inayofanana nayo, na wenye nayo huku kwetu ni wa kutafutwa kwa tochi. "Anza kuwauliza ndugu sasa," akasema. "Usingoje."

Simiyu nilimwambia jioni ile, watoto wakila. Ni mtu wa maneno machache. Aliutazama ugali wake mpaka ukapoa. Niliogopa sana, sitasema uongo hapa. Nilikuwa nimeuona ule moyo ukipiga, kitu kidogo kama punje ya mtama kikirukaruka, na nilikuwa nimeiona pia meza ya Mama Sharon ikilowa mvua, na vyote viwili vilikataa kutoka machoni. Nikamwambia nataka kuendelea, lakini sitaki kufa. Akasema, "Basi tutafute damu." Dada yangu mmoja tu ndiye aliyekuwa nayo upande wetu, na alikuwa ananyonyesha mtoto mchanga. Ikabidi twende Bungoma, kuitangaza mimba ambayo hata sketi yangu ilikuwa haijaijua.

Sasa lazima nieleze jinsi nilivyoishi na baba mkwe. Kwa desturi yao baba na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na hawaangaliani usoni. Wengi siku hizi wamelegeza, wanasalimiana hata kanisani. Mzee Khaemba hakulegeza hata kidogo. Nikiingia mlango huu, yeye alitokea ule. Alipotaka kuniambia jambo, alimwambia mtu mwingine nikiwepo, na kama hapakuwa na mtu, alimwambia kuku. "Wewe kuku, huyu mama wa watoto anajua chai imechemka?" Miaka ya kwanza nilidhani ananichukia.

Kwa hiyo siku ya kikao mimi nilikuwa jikoni na moshi, nageuza ugali wa wimbi, na wao walikuwa sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Simiyu alisema aliyotumwa. Mayi akalipuka.

"Mimba haijafika hata miezi mine, tayari iko kwa mdomo ya kila mtu? Hiyo hospitari inataka mtuitie wachawi?"

"Mama, daktari amesema tukinyamaza atakufa."

"Ati amesema!" Huyo alikuwa Wanjala, mdogo wake mzee. "Daktari ni Mungu? Anaonaje kitu haijatokea?"

Nilisimama na mwiko mkononi, machozi yakinitoka, na nisisingizie moshi. Ndipo nikasikia sauti ya mzee, taratibu, kama mtu anayeulizia ng'ombe aliyepotea.

"Wanjala, ukiona mlima umevaa kofia asubuhi, unaanika mahindi?"

"Si naingiza, bana."

"Na mvua isipokuja?"

"Nitakuwa nimeingiza tu. Nitaanika kesho."

"Basi skani ndiyo hiyo. Tuingize mahindi."

Mayi aliinuka. Alikuja jikoni, akaninyang'anya mwiko, akaniambia niketi chini kabla sijaangukia moto. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Ukoo ukaenda kupimwa hospitalini mjini Bungoma, mmoja mmoja, wengine kwa ubishi, wengine kwa sababu Mayi aliwasimamia. Damu zao zote zilikuwa nzuri, na hazikunifaa mimi. Simiyu hapana. Wanjala hapana. Aliyebaki alikuwa mzee mwenyewe, ambaye hakuna aliyemhesabu. Alijipeleka kimya kimya na shati la kanisani, na akarudi akiwa O hasi.

Hapo likazuka jambo jipya. Wazee wakakutana tena. Kama baba mkwe hawezi kumpa mkaza mwana mkono, anawezaje kumpa damu? Si hiyo ni kumgusa ndani kabisa? Mmoja alitaka kondoo achinjwe kwanza, mwingine akasema hata kondoo hatoshi, na mwingine akauliza mtoto atakuwa nani sasa, mjukuu au mtoto. Safari hii pia nilikuwa jikoni, sikio mlangoni, maharagwe yakiungua. Mzee aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

"Sheria inasema nisimguse," akasema. "Na sitamgusa. Nitamgusa wapi? Mimi nitakaa kwa kiti yangu, sindano inaninyonya. Muuguzi atafunga kwa mfuko. Mfuko utaenda. Mimi nitabaki." Akainuka. "Hiyo kondoo mchinje kama mko na njaa."

Kondoo alichinjwa, na nyama nilikula mimi nyingi kuliko wote.

Miezi iliyofuata niliishi kwa picha. Kila nikienda, daktari alinionyesha mahali ambapo panapaswa kuonekana mstari mweusi mwembamba, kati ya kondo na ukuta wa kizazi. Huo mstari ndio mpaka wa shamba, alisema. Ukionekana, kondo limekaa upande wake. Mara ya kwanza niliuona umekatikakatika. Baadaye sikuuona kabisa, na mahali pake palikuwa na mishipa iliyojaa damu. Yale aliyoyashuku mapema yalikuwa yanatimia mbele ya macho yangu. Watu huniuliza kama haikuwa mateso, kujua miezi yote ile. Ilikuwa mateso. Nilikuwa nikichapa unga wa chapati nalia ndani ya karai. Lakini nilikuwa naenda mahali ambapo watu walikuwa wananingoja, na Mama Sharon hakungojwa na mtu.

Mahindi ya Bungoma juu yalipokauka, wakati ambapo mkulima hatoki shambani hata kwa harusi, Mzee Khaemba alimwachia Wanjala mavuno yake akaja Kitale. Damu haikai miezi mingi kwenye friji, Sista Chebet alikuwa amemweleza, kwa hiyo mtoaji awe karibu siku zikikaribia. Kulala kwangu hakuweza, basi alilala kwa muumini mwenzake. Lakini kila siku alikuja, akakaa kwenye benchi la nje, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa mbao. Sista alikuwa ametuagizia sote wawili chakula cha kuongeza damu, mimi wa kupokea na yeye wa kutoa. Nikawa napika sufuria moja: maini, mrenda, majani ya maboga, ndengu. Napakua sahani mbili. Moja inapelekwa nje, moja naila ndani, nikiwa nimeketi juu ya gunia, nami nimeegemea ukuta ule ule. Nilisikia kijiko chake kikikwaruza sahani. Pale hotelini tulikuwa na paka mnene wateja walimwita Meneja, na mzee akamfanya mjumbe.

"Meneja, mwambie mpishi maini yamekosa chumvi."

"Meneja, mwambie mzee chumvi imekatazwa na daktari."

"Meneja, muulize kama daktari ndiye anakula."

Wateja walicheka mpaka wakamwaga chai. Ni katika wiki zile, na ukuta ule kati yetu, ndipo nilipotambua kwamba yule mtu hakuwahi kunichukia hata siku moja. Alikuwa ananiheshimu kwa nguvu zake zote, na mimi sikuwa nimejua heshima inaweza kuwa na sura ile. Nilimpenda. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu hakuna aliyelitamka.

Walinipasua mchana, kwa siku iliyopangwa, madaktari wengi kuzunguka kitanda na kila mmoja akijua kazi yake. Kabla sijalala, Sista Chebet, aliyeomba ruhusa kazini kwake ili awepo, aliniinamia sikioni. "Iko mifuko ya kutosha. Mwalimu mmoja wa Kiminini amepatikana, na wengine. Lakini ya kwanza ni ya mzee wa paka." Nililala nikicheka. Nilipoamka nilikuwa mzito na mkavu, na mrija ukiingia mkononi mwangu ulikuwa mwekundu. Kondo lilikuwa limezama ndani ya kovu kama walivyotabiri. Hawakulivuta. Walimtoa mtoto, wakatoa kizazi pamoja na kondo lake, na damu iliyomwagika waliirudisha kwa ile iliyokuwa inangoja. Nilikililia kizazi changu, bado kuna siku nakililia. Mtoto alikuwa msichana, mdogo wa kuenea katika bakuli la mboga, anayepiga kelele kama mnadi. Kwa kuwa alikuja wakati wa mavuno tukamwita Nekesa. Mzee alisimama uwanjani mwa hospitali, chini ya dirisha la wodi, na Simiyu akamwonyesha mtoto kutoka juu. Alilitazama lile furushi la blanketi, akavua kofia, akaenda stendi kurudi kwenye mahindi yake.

Asante sikuweza kumpa. Nilijaribu, si mara moja. Kumtuma paka nilikataa. Neno kubwa namna ile nilitaka litoke kwa mdomo wangu liingie sikioni mwake. Kila Krismasi nilijisogeza mpaka umbali wa heshima, nikaanza, "Baba, ile damu..." naye alikuwa ameshainuka. "Ng'ombe wamefunguka," aliiambia hewa, akaenda kuwatazama ng'ombe waliofungwa vizuri kabisa. Nekesa alikua akimpanda mgongoni na kumvuta masikio, maana mjukuu na babu ni watani, hawana mipaka. Mimi nilibaki na asante yangu mpaka simu ikapigwa mwezi uliopita.

Baada ya hotuba zote, jeneza lilifunguliwa watu wapite. Wakaza wana tulipita mwisho, kwa mbali, macho chini. Nekesa, ambaye sasa amenipita kimo, alikuwa amesimama pale pale karibu na kichwa cha mzee, kiganja chake juu ya shati lile la kanisani. Nikasimama. Foleni nyuma yangu ikasimama. Nilikuwa nimeona ghafla ujinga wangu wa miaka yote: nilitaka kumshukuru kwa njia yangu, na yeye alikuwa amenifundisha njia yake tangu siku ya kuku. Nikamgeukia mwanangu.

"Nekesa, mwambie kuka, mpishi anasema asante."

Kuka, yaani babu, ndivyo wajukuu walivyomwita. Nekesa hakuuliza kitu. Hadithi ya Meneja ameisikia tangu akiwa mdogo, tena kutoka kwa mzee mwenyewe. Aliinama mpaka nywele zake zikagusa ule uso, akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na mzee mwenye masikio mazito, "Kuka, mpishi anasema asante." Akatega sikio. Akakaa hivyo kitambo, Mayi akiwa ameshika mkongojo wake kwa mikono miwili.

Kisha akainuka, mashavu yamelowa, akanigeukia.

"Amesema maini yalikosa chumvi."